Geti, Karatasi na Ndugu Aliyekukosea: Vitabu Tunavyovipenda Masaba

Ukiwauliza wasomaji wa hapa kwetu Masaba, kati ya Busia na Tororo, ni kitabu gani wanakipenda kuliko vyote, wanajigawa papo hapo kama mashabiki wa mpira. Upande mmoja wako watu wa Safari ya Msafiri, kile cha John Bunyan. Upande wa pili wako watu wa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, pamoja na vijana waliosoma kwa Kiingereza, ambao wao ni kitabu cha kwanza cha Narnia cha C. S. Lewis, kile cha simba, mchawi na kabati. Wa kwanza wanasema wanasoma imani. Wa pili wanasema, tena bila haya, wanasoma majini.

Juzi juzi mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, alitoa shauri kwamba sanduku letu la vitabu lipunguzwe. Vya imani vibaki, vya majini na wachawi vitolewe, maana watoto wa hapa wameona mabaya ya kutosha, ya nini kuwaongezea mashetani? Na mfanyakazi mmoja wa shirika, naye kwa nia njema kabisa, akauliza swali lake: mbona hampendi vitabu vinavyohusu maisha yenu, vitabu vya wakimbizi? Nikayaweka maneno ya wote wawili moyoni, nikavisoma vitabu vyote vitatu upya, kimoja baada ya kingine. Jibu langu kwao ni moja. Vitabu hivi ni vya ukoo mmoja, na vyote vitatu vinahusu maisha yetu. Vinazungumza mambo mawili ambayo mtu wa kambi anayajua kuliko profesa: geti lenye mlinzi, na ndugu aliyekukosea.

Nianze na Bunyan, kwa kuwa yeye ndiye anayedhaniwa hana majini. Hebu tumsome vizuri. Kuna jitu liitwalo Kukata Tamaa, lenye ngome na shimo la kufungia watu. Kuna Apolioni, mwenye magamba kama ya samaki na mabawa kama ya joka, anatoa moto tumboni. Kuna simba kando ya njia na bonde la giza lenye sauti. Sasa mzee wangu, kama hayo si majini, tuyaite nini? Tukianza kutoa majini sandukuni, Bunyan anatoka wa kwanza.

Lakini watu wetu hawampendi Bunyan kwa ajili ya joka. Wanampenda kwa ajili ya karatasi. Mkristo, msafiri mwenyewe, mzigo wake unapoanguka msalabani anapewa hati iliyokunjwa, na anaambiwa ataitoa kwenye lango la Mji wa Mbinguni. Kuanzia hapo safari nzima ni ya mtu anayelinda hati. Anapanda Mlima wa Shida, anachoka, anapumzika kwenye kibanda cha majani, usingizi unamchukua, hati inamtoka mkononi. Anafika juu kabisa ndipo anagundua kifua ni kitupu. Inabidi arudi chini, akitazama huku na huku, akijilaumu, mpaka aione pale pale alipolala.

Tulikisoma kisa hicho kwa sauti Mulanda, wilaya ya Tororo, mwaka 2008. Kwa asiyejua, wengi wetu tulivuka Malaba na Busia mwezi Januari mwaka ule, baada ya matokeo ya uchaguzi wa Kenya kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007 na moto kuwaka. Tulilala kwenye mashule na makanisa, halafu tukapelekwa Mulanda, na baadaye wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Basi msomaji alipofika hapo kwenye kibanda, mama mmoja akamsimamisha. “Ngoja kwanza. Amelala nayo mkononi? Huyo hajawahi kuwa mkimbizi.” Watu walicheka sana, halafu wakanyamaza, maana kila mtu alikuwa anajipapasa mfuko ulioshonwa ndani ya nguo. Nimesoma maelezo mengi ya wahubiri juu ya hati ile. Hakuna aliyeifafanua kuliko mama yule.

Na Bunyan mwenyewe aliyajua mambo ya vibali. Mwaka 1660 alikamatwa, akafungwa Bedford, Uingereza, kwa sababu ya kuhubiri bila idhini ya wenye mamlaka. Alikaa ndani miaka 12. Kitabu kikatoka mwaka 1678. Ungetegemea mtu aliyefungwa hivyo awahurumie wasio na karatasi. Wapi! Mwisho wa sehemu ya kwanza kuna mtu anaitwa Ujinga. Hakupita kwenye lango dogo la mwanzo. Aliingia njiani kwa kichochoro kilichopinda kutoka nchi yake. Wenzake wanavuka mto wa mauti kwa taabu, maji yanawafika kichwani. Yeye anavushwa na mwenye mtumbwi aitwaye Tumaini Bure. Sisi wa mpakani tunamjua Tumaini Bure. Boda boda ilizaliwa hapa hapa kwetu, baiskeli zikibeba watu katikati ya geti na geti, na hata jina ni la mpaka wenyewe. Dereva anakufikisha, anachukua hela yake, anageuza. Kule mbele ni wewe na mlinzi. Ujinga anafika, anabisha, anaulizwa hati. Anapapasa kifuani, hapati kitu. Anaulizwa, huna? Hajibu neno. Anafungwa mikono na miguu na kutupwa kwenye mlango wa jehanamu, kumbe hata kwenye lango la mbinguni ipo njia ya kwenda jehanamu.

Nina ugomvi na ukurasa huo, na nausema wazi. Si kwamba naidai mbingu isiwe na mlango. Bunyan ana haki ya kusema wokovu hauibiwi. Ugomvi wangu ni kwamba amempa mtu jina la Ujinga kabla hajamsikiliza, halafu akamhukumu kwa jina. Wangapi kati yetu waliingia kwa kichochoro kwa sababu barabara kubwa ilikuwa na mapanga? Kitabu hakiulizi. Na msomaji aliyekaa kwenye foleni anafunga kitabu akiwa na hofu ile ile aliyoamka nayo.

Ila wengi wetu tunaishia hapo, kwenye sehemu ya kwanza, na hapo ndipo tunamdhulumu Bunyan. Mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili. Mke wa Mkristo, aliyeachwa nyuma na watoto wanne, naye anafunga safari. Watu wa kuunganishwa na familia zao, someni hiyo! Mama huyo ameletewa barua ya mwaliko kutoka kwa Mfalme. Anafuatana na jirani yake, msichana ambaye jina lake kwa lugha yetu ni Rehema. Rehema hana barua. Hajaalikwa na Mfalme, amefuata tu kwa kumpenda jirani. Mama na watoto wanaingia, yeye anabaki nje ya lango dogo, anatetemeka, anabisha kwa nguvu mpaka anazimia. Na mlinzi anatoka, anamshika mkono, anamwingiza. Tena anaelezwa kwamba wenye imani wanapokelewa vyovyote walivyofika. Ni Bunyan yule yule, miaka sita baadaye, na safari hii asiye na karatasi ameingia. Sijui mhubiri yeyote wa huku aliyetusomea Ujinga akatusomea na Rehema siku hiyo hiyo. Wanapaswa kusomwa pamoja.

Sasa Shaaban Robert. Kabla hujamwita mtu wa majini, kumbuka kazi yake ya kwanza. Mwaka 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika kuwa karani wa forodha, na alikaa forodhani mpaka 1944. Yaani alikuwa mtu wa getini! Alijua mzigo unavyofunguliwa na mwenye mzigo anavyojieleza. Adili na Nduguze ilitoka mwaka 1952, na kisa kinaanza kama ukaguzi. Mfalme Rai anapata habari kwamba Adili, liwali wake wa mji wa Janibu, mtu mwema kuliko wote, kila usiku anawapiga manyani wawili kwa mjeledi, halafu anawabembeleza na kuwalisha huku akilia. Jambo hilo halieleweki. Adili anaitwa aje ajieleze, na manyani waletwe.

Kumbe manyani ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Aliwasaidia walipofilisika, akawachukua safarini, wakafika hadi mji ambao watu wote wamegeuka mawe, akampata humo mtu mmoja tu aliye hai, binti aitwaye Mwelekevu. Wivu ukawashika, wakamtupa ndugu yao baharini. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, akamwokoa naye, akawageuza wale wawili manyani, na akamwamuru Adili awapige kila usiku. Asipowapiga, na yeye yatampata.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mwaka 2008 hakuna aliyekuwa na shamba la kulima. Zaidi ya watu 1,100 walikufa Kenya katika ghasia zile, na wengi hawakuuawa na wageni. Waliuawa na watu waliojua majina yao. Kwa hiyo tulipomsoma Adili hatukuona majini. Tuliona usiku wetu. Maana hivyo ndivyo chuki ya jirani inavyofanya kazi: mchana wewe ni liwali mwema, unasali, unasalimia watu kwenye bomba la maji, usiku unamtoa yule mtu kichwani, unampiga, unalia, unamrudisha, na kesho tena. Na kuna kitu kinakuambia kwamba usipompiga, utadhurika wewe. Sijaona kitabu cha ushauri nasaha kilichoeleza hali hiyo kwa ufupi namna ile.

Shaaban Robert hakukitunga kisa hiki kutoka hewani. Asili yake imo katika Alfu Lela Ulela, na huko walionyang'anywa umbo la binadamu ni mbwa, si manyani. Lakini badiliko kubwa liko mwishoni. Katika hadithi ya zamani ndugu wale wanarudishiwa ubinadamu, halafu wanajaribu kumwua ndugu yao. Shaaban Robert alikataa mwisho huo. Kwake, ndugu wanarudi kuwa watu na wanabaki watu. Wapo watakaosema hiyo ni ndoto. Ndio, inaweza kuwa ndoto, tena ana udhaifu wake: majina yamekwisha amua kila kitu, na Hasidi hana namna ya kutushangaza kama hasidi. Hapo yeye na Bunyan ni walewale. Ila tazama njia aliyoipitisha. Hawasamehewi kimya kimya. Kisa chote kinasimuliwa hadharani, mbele ya mfalme, na waliotenda wakiwa wamekaa pale pale wanasikia. Ukweli kwanza, halafu msamaha. Haki haikurukwa hata kidogo.

Hiyo ndiyo sababu, ukinilazimisha kuchagua, nitachukua Adili na Nduguze kuliko Narnia, ingawa vijana wangu watanuna. Lakini tusimdharau Lewis. Watu wengi wanasahau kitabu kile cha mwaka 1950 kinaanza na nini. Kinaanza na watoto wanne waliotolewa London wakati wa vita kwa sababu ya mabomu ya ndege, wakapelekwa kwenye nyumba ya mzee wasiyemjua, mashambani. Ni wakimbizi wa ndani, hakuna jina lingine. Kabati linalofungua njia ya Narnia limo katika nyumba ya hifadhi. Kwa hiyo ndugu yangu wa shirika, uliyetaka vitabu vya wakimbizi, hiki hapa. Ila kinamtaja mkimbizi katika ukurasa wa kwanza, halafu kinamwacha awe mtu: mwongo, shujaa, mfalme, anayependa tamu tamu. Ndicho tunachokitaka. Hatukatai kusoma juu ya maisha yetu. Tunakataa kusoma juu ya foleni tu, kana kwamba maisha yetu ni foleni.

Na Lewis ana geti lake. Mtoto mdogo, Lucy, anakutana msituni na Bwana Tumnus, nusu mtu nusu mbuzi, anamkaribisha chai. Kumbe Tumnus ameajiriwa na Mchawi Mweupe: akimwona binadamu, amkamate, amkabidhi. Chai iko mezani, mtoto yuko mbele yake, amri anaijua. Anashindwa. Anaanza kulia, anamsindikiza mtoto mpaka mpakani usiku. Kwa kosa hilo anakamatwa na kugeuzwa jiwe. Nawaomba wenzetu wa mashirika, na wote wanaokaa upande wa pili wa meza, wasome sura hiyo polepole. Sisi tumewajua akina Tumnus. Wapo waliofunga daftari wakasema piteni haraka. Hatujui wote yaliwakuta nini.

Kisha yuko Edmund, ndugu anayewauza ndugu zake kwa Mchawi kwa ajili ya vipande vya halua ya Kituruki. Sheria ya Narnia ni kwamba kila msaliti ni mali ya Mchawi, damu yake ni haki yake. Simba Aslan anakubali kufa mahali pa Edmund, kisha anafufuka. Mkristo yeyote anajua Lewis anazungumza nini, na mzee wangu wa kanisa angefurahi sana kama angekifungua kitabu badala ya kuogopa neno “mchawi” kwenye jalada. Lakini mimi nakwama mahali pengine. Kabla ya kifo hicho, Aslan anatembea na Edmund peke yao, wanaongea, hatuambiwi nini. Halafu anamrudisha kwa ndugu zake na kuwaambia yaliyopita hayana haja ya kuongelewa. Kwa watoto walioibiana peremende, sawa. Kwa mtu aliyechomewa nyumba na mwenzake wa kwaya, hapana. Huyo anataka kama Adili: yasemwe, tena na aliyetenda akiwepo.

Tofauti hizi sikuzipata peke yangu. Vijana wetu wana mchezo wa jioni. Kule Marekani mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa namna hiyo, Dungeons & Dragons, na miaka ya 1980 wako watu wa makanisa waliosema ni wa shetani. Wa kwetu hauna sanduku wala picha. Msimulizi mmoja, kete moja ya ludo, na wachezaji wanne au watano, kila mmoja amechagua mtu wa kitabuni. Msimulizi anasema, umefika getini, usiku, mvua inanyesha, unafanya nini? Uzuri ni kwamba wanawahamisha watu. Jioni moja binti mmoja alichagua kuwa Ujinga, akaenda kubisha Janibu. Wakabishana mpaka taa ikaanza kufifia. Mmoja akasema Adili angemkaribisha, maana mtu anayelia akipiga nyani hawezi kumfukuza mgeni. Mwingine akasema liwali ana sheria zake. Binti akapeleka Ujinga wake Narnia, akamkuta Tumnus. Halafu akafanya jambo ambalo mimi, na vitabu vyangu vyote, sikuwa nimeliwaza: akamrudisha kwa Bunyan, kwenye lango la Mbinguni, akiwa ameshikana mkono na Rehema. Msimulizi akauliza, una hati? Binti akajibu, sina, lakini niko na huyu.

Msimulizi alirusha kete. Sitawaambia ilitoka ngapi, kwa sababu si kete inayoamua. Kinachoamua ni kwamba msichana wa miaka kumi na sita alivishika vitabu vitatu kwa mkono mmoja, cha mhubiri Mprotestanti, cha Mwislamu wa Tanga na cha mwalimu wa Kiingereza, akaviulizana maswali. Tukivigawa sandukuni, swali lile halizaliwi tena.

Basi shauri langu ni hili. Sanduku libaki moja. Mwenye kutafuta zawadi ya kutuletea, atuletee Safari ya Msafiri yenye sehemu zote mbili, na nakala za Adili na Nduguze za kutosha, maana iliyopo imebaki bila jalada. Narnia tuna moja ya Kiingereza. Wanaojua lugha wawasomee wasiojua kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Na mzee wangu, nakuomba Jumapili moja uhubiri juu ya Rehema, yule aliyebisha bila barua. Tutakuja wote, hata sisi wa majini.